Mate yameshakauka na mimi bado niko getini

Najua mwezi mzima sijaandika kitu, na kuna mmoja wenu keshanitumia meseji kuniuliza kama nimeolewa tena. La jamani, ni ofisi tu imehama. Tulikuwa kisiwani hapa Mombasa, Moi Avenue, gorofa ya pili juu ya duka la vipuri, sasa tuko Nyali, ndani kidogo ya Links Road, jengo jipya la vioo lenye lifti inayoongea na maegesho ya magari arubaini. Magari arubaini! Kwenye ofisi yetu wenye gari ni watatu na mmoja wao ni bosi.

Leo nataka kuandika habari ya lanchi. Itaanza lanchi itaishia kwingine, mnanijua.

Kule Moi Avenue ukishuka ngazi tu, kushoto mama wa mahamri na mbaazi, pembeni yake fundi viatu, ukivuka ndio wa fotokopi, M-Pesa mbili zinatazamana kama mke mkubwa na mke mdogo, kichochoro cha kwenda msikitini, na ukiongeza hatua uko Mwembe Tayari ambako unapata kila kitu mpaka usichokitaka. Saa ya lanchi ilikuwa inatosha kula, kuswali, kununua tokeni za stima, kushonesha kiatu na bado unakaa kidogo kusikiliza nani kamwacha nani. Miaka tisa nimefanya hivyo na sijawahi kufikiria kama hicho ni kitu, manake ukiwa nacho hukioni.

Sasa Nyali. Jumba la maduka naliona dirishani, meza yangu imelielekea, naona mpaka picha ya kuku wa kukaanga kwenye bango lao. Kwa macho ni mita mia mbili, labda hata hazifiki. Lakini kati yetu na wao kuna ukuta wetu, kuna mtaro, alafu kuna ukuta wao. Ukuta wao una geti dogo la kupita mtu kwa miguu, lipo, mtu alilichora kwenye plani na fundi akalichomelea, lakini lina kufuli lenye kutu na hakuna anayekumbuka funguo iko kwa nani. Kwa hivyo unatoka getini kwetu upande mwengine kabisa, unazunguka mpaka barabara kubwa, kabro ya kupitia watu imepakiwa magari kwa hivyo unashuka kwenye lami na bodaboda zinakupigia honi kama wewe ndio umekosea, unafika mlango wa magari wa jumba, unapekuliwa, alafu unakata maegesho yote kwa jua la saa saba mchana ambalo ninyi wa Mombasa sina haja ya kuwaeleza. Dakika kumi na nane. Nimezihesabu kwa simu. Kwenda na kurudi ni thelathini na sita, na chakula bado hujakiona. Ndio maana wenzangu wanachukua tuktuk, mia kwenda na mia kurudi, kufuata chipsi za mia mbili. Dirishani tunaziona!

Wiki ya pili mvua ikanyesha, nikasema leo nakata njia ya mkato kando ya mtaro, na wallahi mtaro ule una vifuniko, ila kimoja hakikuwepo na maji yalikuwa yamelingana na ardhi. Mguu wa kushoto ukazama mpaka gotini. Kiatu kikatoka, kikaelea zake kama dau, askari wa pale akakikimbilia na mpini wa fagio akakivuta. "Pole dada, hapo huwa wanaingia wengi." Wanaingia wengi! Nikarudi ofisini na kiatu kimoja kibichi na njaa yangu.

Usiku huo nikamhadithia mdogo wangu, mtoto wa mamangu mdogo, yuko Virginia Marekani tangu 2012, kazi yake ni fundi wa eisi za majengo ya ofisi. Akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena. "Dada, hiyo uliyonihadithia ni Tysons. Nilipofika hapa kuvuka barabara kununua soda ilikuwa lazima uwashe gari."

Basi ikabidi anieleze Tysons ni nini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nikikaa, imeniingia kichwani kama nyimbo ya harusi.

Tysons iko nje ya Washington, kaunti ya Fairfax. Zamani ilikuwa njia panda tu ya mashambani, Route 7 na Route 123 zinapokutana. Ikaja ile barabara kuu inayozunguka Washington, wenyewe wanaiita Beltway, ikapita ubavuni, mwaka 1968 likafunguliwa jumba kubwa la maduka, makampuni nayo yakaona ardhi ipo, barabara ipo, na nafasi ya kupaki haiishi, yakajenga maofisi moja baada ya moja, kila moja katikati ya uwanja wake wa magari kama kisiwa. Kufikia 2010 palikuwa na ajira kiasi cha laki moja lakini wakazi sensa ya mwaka huo iliwahesabu 19,627. Hebu pigeni picha. Watu laki moja wanaingia asubuhi na laki moja wanatoka jioni, kwa gari, kwa barabara zile zile. Mdogo wangu ana neno lake, anasema palikuwa mahame ya kila siku. Sisi mahame tunayajua, Gede na Jumba la Mtwana, lakini hayo yalihamwa mara moja yakaisha. Ya Tysons yalikuwa yanahamwa kila saa kumi na mbili jioni na kufufuka asubuhi.

Mwaka huo huo wa 2010 kaunti ikapitisha mpango mpya, ikasema hapa tutapageuza mji, mji wa kweli, watu walale hapa, wafanye kazi hapa na watembee kwa miguu. Lengo lao ni wakazi 100,000 na ajira 200,000 ifikapo 2050. Robo tatu ya ujenzi wote mpya iwe kama nusu maili kutoka stesheni ya treni, hiyo ni mita mia nane hivi, na treni wakaileta kweli, Silver Line, stesheni nne ndani ya Tysons zikafunguliwa Julai 2014, na Novemba 2022 reli ikafika uwanja wa ndege wa Dulles. Vile viwanja vikubwa vya ofisi wakaamua vikatwe katikati kwa barabara ndogo ndogo, manake huwezi kutembea kwenye mji ambao kona moja na nyengine zimeachana nusu kilomita. Na hapa ndipo nilipoweka chini kikombe cha chai: karibu na stesheni, ofisi haikulazimishwa tena kuwa na idadi fulani ya maegesho, ikawekewa kikomo cha juu. Yaani badala ya kukwambia ukijenga lazima uwe na nafasi za magari kadhaa, unaambiwa usizidishe hapa.

Imefaulu? Mdogo wangu anasema inategemea umesimama wapi. Anapenda pale kwenye makao makuu ya benki ya Capital One, kuna supamaketi chini, kuna ukumbi wa maonyesho, na juu ya paa kuna bustani, siku hizi akimaliza kazi anakaa huko na watoto wanakimbia. Mwaka 2022 wakafungua daraja la watu na baiskeli juu ya Beltway, kwa hivyo mtu wa ng'ambo ile anavuka kwa miguu kwenda madukani bila kuwasha gari, hilo alilisema kwa furaha kama amelijenga yeye. Lakini ukitoka kwenye hayo mabonge mapya, Route 7 bado ni mto wa magari na reli imepita juu yake kwa nguzo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 26,374. Miaka kumi wameongezeka elfu sita na mia saba na ushei, na lengo ni laki moja. Alafu ikaja korona, watu wakazoea kufanyia kazi nyumbani, maofisi yakabaki na viti. Pesa wanazo, sheria wanazo na treni wanayo, na bado kuvunja walichokijenga kwa ajili ya magari ni kazi ya miaka arubaini.

Na sisi ndio kwanza tunakijenga.

Msije mkasema napinga ofisi kuhamia Nyali. Sipingi hata kidogo. Angalieni sensa ya 2019: Mvita, yaani kisiwa chetu, watu 154,171. Nyali 216,577, Kisauni 291,930. Hao wa pwani ya kaskazini ukiwajumlisha ni laki tano na elfu nane, zaidi ya mara tatu ya wa kisiwani, na njia yao ya maana ya kuingia mjini ni lile Daraja la Nyali la tangu 1980. Asubuhi wote wanakwenda upande mmoja, jioni wote wanarudi. Mtu wa Kongowea au Bombolulu akipata kazi upande wake wa daraja ni rehema, hata mimi naishi Kisauni na nauli yangu imepungua, siwezi kudanganya.

Na wataalamu wakisema mji mzuri ni ule uliochanganya makazi na kazi na biashara, Nyali hiyo imeshachanganya. Nyumba za zamani za bustani zimegeuka moja moja, hii imekuwa kliniki, ile shule ya chekechea, ile mkahawa wa bei ambayo mimi naingia siku ya mshahara tu, ile ofisi ya mawakili, nyuma yake fleti za gorofa kumi na mbili. Kanisa lipo, msikiti upo, benki zimejaa. Vitu vyote vya mji vipo ndani ya kilomita moja, ila kila kimoja kina ukuta wake, geti lake, askari wake, jenereta lake na uwanja wake wa magari. Kila mwenye kiwanja alibadilisha matumizi ya kiwanja chake peke yake, ndani ya ukuta ule ule uliokuwa wa bustani ya mzungu, akapanda juu. Kile kipande kati ya ukuta na lami hakina mwenyewe, ndipo maji yanaposimama na ndipo ninapopita mimi.

Ukuta una sababu zake, najua. Tangu shambulizi la Westgate kule Nairobi 2013 hakuna jumba litakalokuacha uingie bila kupekuliwa, na mlango mmoja ni rahisi kuulinda kuliko mitano. Lakini geti dogo nalo linaweza kuwekwa askari na kile kifimbo chake cha kupekulia. Mlango wa magari una askari wanne! Wanatazama chini ya gari kwa kioo, wa miguu anaangaliwa kama kaja kuomba.

Nikimfikiria nyanya yangu naona angecheka. Yeye aliishi Kuze, Mji wa Kale, nyumba ya chini duka, babu alikuwa akitengeneza baiskeli, gorofa ya kwanza tunalala, juu kabisa pa kuanika nguo. Akitaka kitu alikuwa anatuita, anatema mate kizingitini, anasema "haya, nenda kanunue mkate wa mofa, mate haya yakikauka hujarudi utaniona". Na wenye umri wangu mnajua hilo halikuwa tishio la bure. Basi tunakimbia, vichochoro vyembamba, nyumba zimeinamiana kivuli kinakufuata mpaka mchana mkubwa, unapita baraza tatu kila baraza kuna mzee lazima umwamkie shikamoo na lazima akuulize wa nani wewe, unapata mkate, unarudi, na mate bado mabichi. Nyanya hakuwahi kujua kuendesha hata baiskeli za mumewe.

Hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Wakija na neno lao la mji wa kutembea, mimi nauliza mate yanakauka au hayakauki. Kuze hayakauki. Moi Avenue hayakauki. Nyali yanakauka nikiwa bado kwenye foleni ya kupekuliwa.

Na sisemi Mji wa Kale ni pepo. Majitaka yanafumka, kuna nyumba zimeachwa mpaka miti imeota dirishani, pikipiki zinapita vichochoroni kama zimetumwa, na vijana wengine wameharibika na unga hapo hapo barazani. Nusu ya wajukuu wa nyanya tumehama na hatutarudi, choo cha gorofa ya chini kwa familia nne nani atakirudia. Ninachosema ni mlango. Nyumba za kule mlango unafunguka njiani, na pembeni ya mlango pana baraza ya kukaa, ya bure, mwenye nyumba kaijenga kwa pesa zake ili mpita njia akae. Nitajieni jengo moja la Links Road lenye pa kukaa nje bila kuagiza juisi.

Watu wetu hawapendi kutembea, ndivyo alivyoniambia msimamizi wa jengo letu. Nikamwambia aende Mama Ngina, pale ufukweni kisiwani, jumapili jioni. Tangu pale paliporekebishwa 2019 watu wanafurika kwa miguu, mihogo, madafu, watoto, mabuibui yamejaa upepo, na wengi wameshuka matatu mbali wakatembea mpaka pale kwa raha zao. Watu wa Mombasa wanatembea ukiwapa upepo, kivuli na kitu cha kutafuna. Na Moi Avenue walipoweka kabro kando ya barabara sikuona mtu akiikataa.

Sisi hatuhitaji treni ya Silver Line kuirekebisha Nyali. Vifuniko vya mtaro, vyote, sio vyote kasoro kimoja. Miarobaini kando ya barabara, ipo iliyobaki, msiikate mkipanua. Zebra inayoheshimiwa, na steji ya matatu inayojulikana ili zisisimame juu ya watu. Na kaunti ikitoa kibali cha jengo jipya imwambie mwenyewe: upande wa barabara weka vyumba vya duka vyenye milango nje, magari yapeleke nyuma. Hilo la mwisho ndilo naliona gumu, manake mwenye jengo akikodisha duka dogo kwa fundi viatu na kwa benki, tunajua benki italipa nini.

Na hapo ndipo woga wangu ulipo. Pakipendeza patapanda bei. Kule Tysons mpango uliwaambia wajenzi nyumba ishirini katika kila mia ziwe za watu wa kipato cha kati na cha chini, imeandikwa. Hapa kwetu pale Buxton nyumba za zamani za kaunti zilivunjwa zikapanda fleti ndefu, na mazungumzo niliyokuwa nikiyasikia kwenye matatu yalikuwa yale yale kila siku, ni nani ataingia mle. Sitaki Nyali ya kutembea ambayo wa kuitembea ni wenye gari walioamua kupunguza uzito, na mama wa mahamri anafukuzwa na askari wa kaunti.

Turudi kwenye geti. Baada ya habari ya kiatu tuliandika barua, wanawake sita wa ofisini na kijana mmoja wa meseji, tukaipeleka kwa meneja wa lile jumba, barua ya adabu kabisa, tukasema sisi ni wateja wenu, tunawaona dirishani, fungueni geti walau saa ya lanchi. Wiki tatu kimya. Alafu siku moja tu, jumanne, kijana wa meseji akaja juu anahema, "limefunguliwa!" Tukateremka wote kama wanafunzi. Kufuli jipya, askari mmoja na kifimbo chake, saa sita na nusu mpaka saa nane kamili, jumatatu mpaka ijumaa. Juu ya mtaro wamelaza mbao mbili. Dakika nne mpaka kaunta ya chakula.

Siku ya tatu, nje ya geti, upande wetu, akatokea mama na karai lake la viazi, meza ya plastiki na mwavuli wa kampuni ya simu. Sijui nani kamwambia. Wiki iliyofuata kuna kijana wa miwa, na wa kurekebisha simu kaegemea ukuta. Askari anakula viazi vya mama kwa mkopo kwa hivyo hana la kusema. Bosi wangu mwenyewe, wa gari, nimemkuta pale amevua koti anasubiri ukwaju umwagiwe vizuri.

Ijumaa iliyopita nikaingia jumbani kulipa bili ya maji, foleni ikanishika, nikatoka mbio, saa nane na dakika tatu. Geti limefungwa. Askari kaenda zake. Mama wa viazi namuona kwa kati ya vyuma, na viazi vyangu nilivyomlipa kabisa kavishika mkononi vimefungwa kwenye gazeti, anaupenyeza mfuko haupiti, anajaribu upande, haupiti, akaanza kunipa kimoja kimoja. "Kula hapo hapo mwanangu, ukizunguka vitapoa."

Nikala nimesimama, ukwaju akanimiminia kiganjani.